Mashine ya gemu iliyokufa mwaka 2001: Je, Dreamcast inaweza kurudi sokoni?

Jumamosi moja baada ya swala ya alasiri, tulipokuwa tukikagua daftari la michango katika ofisi ya msikiti, aliingia mzee mmoja wa jamaa yetu akiwa ameshika simu ya mwanawe. Baada ya kutoa salamu na kuketi, alituonesha picha ya mashine nyeupe ya gemu yenye alama ya mzunguko juu ya mfuniko wake. Chini ya picha palikuwa na tangazo lililodai kwamba Dreamcast, mashine ya kampuni ya Sega ya Japani, inarudi sokoni, na kwamba anayetaka kuwa miongoni mwa wa mwanzo kuipata atangulize amana kwa njia ya simu.

"Ustadhi," alisema, "huyu kijana ana shilingi 180,000. Amezikusanya kwa Idi mbili na kwa kazi za likizo. Anataka kuzituma leo hii. Mimi gemu sizijui. Nyinyi damu yenu ingali changa, niambieni: kitu hiki kipo au hakipo?"

Tulimwomba amzuie kijana hadi Ijumaa, nasi tukaahidi kulitafuta jibu. Tuliona si haki kumpa mzee jibu la haraka la "hayo ni mambo ya kipuuzi", kwa sababu fedha ile haikuwa ya kipuuzi, na kijana aliyeweza kuizuia mikono yake isiiguse kwa Idi mbili anastahili kujibiwa kwa hoja. Haya ndiyo tuliyoyapata, na tumeona tuyaweke hapa kwa faida ya wazazi wengine ambao huenda nao wameoneshwa picha kama hiyo.

Ilikuwa mashine ya namna gani?

Dreamcast ilianza kuuzwa Japani tarehe 27 Novemba 1998. Marekani iliifikia tarehe 9 Septemba 1999, siku iliyochaguliwa makusudi ili tarehe isomeke tisa, tisa, tisini na tisa. Bei yake ilikuwa dola 199. Katika saa 24 za mwanzo ziliuzwa nchini humo mashine zaidi ya 225,000. Ulaya ikafuata mwezi Oktoba mwaka huo huo.

Kwa zama zake ilikuwa na mambo ya kustaajabisha. Ilijengewa modemu ndani yake, ili mchezaji aweze kuingia kwenye intaneti kwa waya wa simu ya nyumbani, wakati ambapo mashine shindani zilikuwa bado hazina habari hiyo. Pedi yake ilikuwa na nafasi ya kuchomeka kadi ya kumbukumbu yenye kioo na vitufe vyake yenyewe. Ukiichomoa, kadi hiyo hugeuka kuwa kijigemu cha mfukoni. Mwishoni mwa mwaka 2000 ilitoka gemu iitwayo Phantasy Star Online, iliyowakutanisha wachezaji wa mabara mbalimbali na kuwapa njia ya kuchagua maneno yaliyokwisha kutafsiriwa, hata Mjapani na Mmarekani wakaelewana vitani pasi na mmoja kuijua lugha ya mwenziwe.

Huku kwetu mashine hiyo haikuenea. Sisi tulio katika miaka ya thelathini tulikulia kwenye mashine za kaseti za bei nafuu, zilizoigizwa kutoka Famicom ya Nintendo, ambazo kaseti moja ilidai kuwa na gemu mia kumbe ni zile zile tano zilizobadilishwa majina. Baadaye mabanda ya gemu ya mitaani yakajaa PlayStation. Kwa hiyo si ajabu kwamba mzee wetu hakuwahi kuisikia Dreamcast. La ajabu ni kwamba mwanawe, aliyezaliwa miaka kadhaa baada ya mashine hiyo kufa, aliitamani kwa kiasi kile. Tutalirudia jambo hilo.

Ilikufaje?

Wengi hudhani kila kinachoshindwa sokoni kilikuwa kibovu. Dreamcast haikushindwa kwa ubovu. Sehemu kubwa ya mauti yake ilitokana na deni ambalo halikuandikwa katika daftari lolote, nalo ni deni la uaminifu.

Sega ilikuwa imejenga jina kwa mashine ya Mega Drive, iliyotoka Japani mwaka 1988 na kupendwa dunia nzima. Lakini mwaka 1994 ikawauzia wateja wake kifaa cha kupachika juu ya Mega Drive, kilichoitwa 32X, kisha ikakitelekeza kwa muda mfupi. Wakati huo huo ilikuwa inaandaa mashine nyingine, Saturn. Mwezi Mei 1995 ikaitoa Saturn nchini Marekani miezi kadhaa kabla ya siku iliyokuwa imetangazwa, tena kwa maduka machache tu yaliyoteuliwa. Wenye maduka walioachwa walikasirika, na watengenezaji wa gemu wakakuta bidhaa zao hazijawa tayari. Fauka ya hayo, Saturn iliuzwa dola 399, na PlayStation ya Sony ikaja kwa dola 299.

Basi ilipofika mwaka 1999, mnunuzi aliyewahi kuachwa njiani mara mbili aliitazama Dreamcast, akaisifu, kisha akajiuliza: na hii nayo wataiacha lini? Kampuni kubwa ya gemu za michezo, Electronic Arts, ilikataa kabisa kuitengenezea gemu. Wakati huo Sony ilikwisha kutangaza PlayStation 2, iliyotoka Japani tarehe 4 Machi 2000 na Marekani mwezi Oktoba mwaka huo, nayo ilikuwa pia deki ya DVD. Kwa familia nyingi hoja ikawa nyepesi: kwa nini tununue vitu viwili ilhali kimoja kinafanya kazi ya viwili? PlayStation 2 iliuzwa zaidi ya mashine milioni 155.

Kulikuwa pia na ufa wa kiufundi. Sega ilibuni aina yake ya diski ili gemu zisinakiliwe, lakini mashine iliachiwa mlango mwingine uliokusudiwa diski za muziki zenye mapambo ya picha. Wajanja waliugundua mlango huo, na punde watu wakawa wanachoma gemu kwenye diski za kawaida na kuzicheza bila kuifungua mashine. Kampuni iliyokuwa ikitegemea mauzo ya gemu kufidia gharama za mashine ilipata pigo mahali pabaya.

Tarehe 31 Januari 2001 Sega ilitangaza kwamba itaacha kuitengeneza Dreamcast ifikapo mwisho wa Machi. Jumla ya mashine zilizouzwa ilikuwa takriban milioni 9.13. Bei ikashuka hadi dola 99 ili kumaliza ghala. Mkuu wa kampuni hiyo, Isao Okawa, alikuwa mgonjwa wakati huo. Kabla ya kufariki mwezi Machi 2001 aliisamehe Sega madeni yaliyokuwa haki yake na kuirudishia hisa zake, jumla ikikadiriwa kuwa dola milioni 695. Kwa sadaka hiyo ya mtu mmoja kampuni ikaokoka, lakini ikatoka katika biashara ya kutengeneza mashine za sebuleni na kubaki kutengeneza gemu za kuchezwa kwenye mashine za waliokuwa wapinzani wake.

Kurudi kuna maana tatu

Hadi tunaandika makala haya, Sega haijatangaza Dreamcast mpya. Hilo peke yake lilitosha kumjibu mzee wetu kuhusu lile tangazo. Hata hivyo tuliona tumweleze kijana pia kama jambo hilo linawezekana siku za usoni, kwani ndoto yake haikuwa upuuzi mtupu. Mashine zilizokufa huwahi kurudi. Ila neno "kurudi" lina maana tatu, na mwenye kuuza picha huzichanganya zote kwa makusudi.

Maana ya kwanza ni kampuni kurejea uwanjani na mashine mpya kamili ya kushindana na Sony, Microsoft na Nintendo. Hili liko mbali sana. Tangu mwaka 2004 Sega ni sehemu ya kundi la Sega Sammy, na riziki yake hutokana na kuuza gemu kwa wenye mashine za kila aina. Kuanzisha mashine yake kungekuwa sawa na muuza unga anayewauzia waoka mikate wote wa mji, kisha akafungua tanuri lake ili awanyang'anye wateja.

Maana ya pili ni kurudi kwa umbo dogo: mashine ndogo ya kuchomeka kwenye televisheni, yenye gemu za zamani zilizowekwa ndani tayari, isiyo na diski wala kaseti. Njia hii imekwisha kujaribiwa. Nintendo ilifanya hivyo Novemba 2016 kwa mashine yake ya miaka ya themanini, ikaiuza dola 59.99 ikiwa na gemu 30. Ilisitishwa Aprili 2017 baada ya kuuzwa milioni 2.3, watu wakalalamika, na tarehe 29 Juni 2018 ikarudishwa madukani. Huo ndio mfano wa wazi kabisa wa mashine iliyofufuka mara mbili. Sega nayo ilitoa Mega Drive ndogo mwezi Septemba 2019, yenye gemu 42.

Lakini si kila ufufuo una baraka. Sony ilitoa PlayStation ndogo Desemba 2018 kwa dola 99.99, ikiwa na gemu 20 tu, na wanunuzi wakalalamikia uteuzi wa gemu hizo. Haukupita muda mrefu bei ikawa imeporomoka. Kumbukumbu za utotoni huvuta mteja hadi mlangoni, lakini hazimzuii kuhesabu anachopewa.

Kwa nini basi hakuna Dreamcast ndogo? Mwaka 2022, Sega ilipokuwa ikiandaa Mega Drive ndogo ya pili, msimamizi wa kazi hiyo, Yosuke Okunari, alieleza kwamba walilifikiria wazo la Saturn au Dreamcast ndogo, lakini mitambo waliyokuwa nayo haikutosha kuzibeba gemu zake, na kubuni mipya katika kipindi kile cha uhaba wa chipu kungefanya bei iwe kubwa mno. Hoja hiyo inaeleweka. Gemu ya Mega Drive ni mzigo mwepesi ambao chipu ya bei nafuu huubeba bila taabu. Gemu za Dreamcast ni za umbo kamili, zenye majengo na watu wa kuzungukwa pande zote, na kila moja inaweza kujaa diski ya takriban gigabaiti 1. Kikwazo hicho si cha milele, kwa kuwa chipu huzidi kupata nguvu kila mwaka. Kwa hiyo Dreamcast ndogo ni jambo linalowezekana. Ila "linawezekana" na "limetangazwa" ni maneno mawili yasiyokaa nyumba moja.

Maana ya tatu ni gemu kurudi bila mashine yake, na hili limekwisha kutokea. Gemu ya Shenmue, iliyotoka Desemba 1999 na kuhesabiwa miongoni mwa zilizogharimu fedha nyingi mno katika zama zake, iliachwa hadithi yake haijakamilika. Mwaka 2015 wapenzi wake walichanga zaidi ya dola milioni 6 ili mtunzi wake, Yu Suzuki, aiendeleze, na sehemu ya tatu ikatoka mwaka 2019 kwenye mashine nyingine. Desemba 2023 Sega yenyewe ilitangaza kwamba inatengeneza upya majina yake ya zamani, yakiwemo Crazy Taxi na Jet Set Radio, ambayo yaliipa Dreamcast sifa.

Kadhalika wapo mafundi na wapenzi duniani ambao hawakungoja idhini ya soko. Wanazifungua Dreamcast za zamani, wanabadilisha betri ya saa iliyochomelewa ndani na ambayo aghalabu imekwisha kufa, na wanaondoa kisoma-diski kilichochoka na kuweka kifaa kinachosoma kadi ya kumbukumbu. Kwa mikono yao mashine hizo zinaendelea kuwaka.

Kijana anataka nini hasa?

Ijumaa ilipofika, mzee alikuja pamoja na mwanawe. Tulimweleza haya yote, naye akatusikiliza kwa adabu. Kisha tukamuuliza swali lililokuwa likitusumbua tangu Jumamosi: kwa nini mashine hii, na wewe hukuwapo ilipokuwa hai?

Alijibu kwa sauti ya chini: "Kwa sababu gemu zake zina mwisho. Ukiinunua umeinunua. Hizi za kwenye simu, kila ukifika mahali zinakuomba hela."

Tunakiri kwamba jibu hilo lilitunyamazisha. Tulikuwa tumejiandaa kumnasihi kijana kuhusu gemu, kumbe yeye amekwisha kuliona jambo ambalo wazee wengi bado hatujaliona. Gemu nyingi za leo hutolewa bure, kisha hujilipa kwa kuuza ndani yake vitu vidogo vidogo: mavazi ya mhusika, silaha, muda wa kucheza. Mbaya zaidi ni yale masanduku ya bahati. Mchezaji hulipa fedha halali ili afungue sanduku asilojua lina nini; akikosa alichokitaka, hulipa tena. Mwaka 2018 tume ya Ubelgiji inayosimamia michezo ya kamari iliyachunguza masanduku ya aina hiyo katika gemu kadhaa zinazojulikana na kuamua kwamba yanakiuka sheria ya kamari ya nchi hiyo. Ikiwa dola isiyotawaliwa kwa sheria ya dini imeiona kamari ndani ya simu ya mtoto, mzazi wa Kiislamu hana udhuru wa kutoiona.

Hata hivyo tuseme kweli, zama za kale nazo hazikuwa pepo. Crazy Taxi, kabla ya kuingia sebuleni, ilikuwa mashine ya kutumbukiza sarafu kwenye kumbi za michezo, na saa yake ya kuhesabu sekunde iliwekwa ili sarafu ziendelee kudondoka. Tena gemu yenye mwisho inaweza kumla mtoto usiku kucha sawasawa na isiyo na mwisho. Tofauti ni kwamba ya zamani ilichukua fedha mara moja dukani, mbele ya macho ya mzazi. Ya leo huchukua kidogo kidogo, usiku, kwa laini ya simu aliyoisajili baba.

Kabla ya kutuma shilingi

Kwa wazazi watakaoletewa picha kama ile, tunashauri mambo machache. Kwanza, mashine ya kampuni kubwa hutangazwa na kampuni yenyewe, na habari yake huenea dunia nzima kwa siku moja. Tangazo linalopatikana kwa muuzaji mmoja tu si tangazo. Pili, amana inayotumwa kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, bila duka wala risiti, ni sadaka kwa asiyestahiki. Tatu, picha haithibitishi kitu, kwani siku hizi picha ya mashine isiyokuwapo hutengenezwa kwa dakika chache na mtu aliyeketi kitandani mwake.

Anayetaka kununua Dreamcast iliyotumika, ama kuagiza kwa jamaa aliyeko ng'ambo, na azingatie umeme. Mashine ya Japani ilitengenezwa kwa volti 100 na ya Marekani kwa volti 120, ilhali umeme wetu ni volti 230. Ukiichomeka ukutani moja kwa moja utasikia harufu kabla ya kuona picha. Iliyouzwa Ulaya ndiyo inayokubaliana na umeme wetu. Kisha aione ikiwaka, diski ikisomwa na pedi ikifanya kazi, ndipo atoe fedha.

Kijana aliyasikiliza hayo kwa makini kuliko historia yote iliyotangulia. Hakuzituma zile fedha. Lakini pia hakutaka kukaa nazo, alisema, kwa kuwa anaijua nafsi yake usiku unapokuwa mrefu na simu iko mkononi. Akamwomba baba yake ruhusa, kisha akatuomba tumwekee.

Tulizihesabu mbele yao wote wawili, tukaandika katika daftari, nao wakatia sahihi. Bahasha iko katika kabati la ofisi, chini ya stakabadhi za maji na umeme. Mzee, alipokuwa anavaa viatu vyake mlangoni, alimgeukia mwanawe na kumuuliza hiyo gemu ya teksi inachezwaje. Tukawaacha wanashuka ngazi, kijana akieleza kwa mikono yote miwili jinsi usukani unavyokatwa kwenye kona.